Kiu Niliyoizoea

Nina figo moja. Ya kushoto ilibaki Likasi, mji wetu wa migodi, katika miaka ile ambayo mishahara ilikoma, mabomba yakakauka, na majirani wakaanza kuulizana asili zao. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali, ameshika kiuno, anaogopa kuitwa na anaogopa kutoitwa. Mimi si mganga. Nilikuwa mshonaji wa nguo. Nitasema niliyoyapitia tu, na wewe utachukua linalokufaa.

Jina langu ni Véronique. Watu wa kwetu ni wa palepale, upande wa Mulungwishi. Mume wangu, Mbuyi, alizaliwa Likasi kama mimi, ila wazazi wake waliletwa na gari la moshi kutoka mkoa wa Kasai zamani, kwa kazi ya kampuni ya madini. Yeye alikuwa fundi umeme kule kiwandani Shituru. Tulikuwa na nyumba ya kampuni yenye bomba uani, watoto watatu, na cherehani yangu karibu na dirisha. Wakati huo sikuwahi kuyawaza maji, kama vile mtu asivyowaza pumzi yake. Ngalula, kifungua mimba wetu, aliacha bomba wazi akicheza, na baba yake akamfokea bila hasira. Leo nikiikumbuka nyumba ile, sitamani kitanda wala kabati. Natamani sauti ya yale maji yakipiga saruji asubuhi, na Mbuyi amesimama nje akinyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye mpapai.

Siasa sitaieleza. Siku moja watu wa Kasai walikuwa majirani, siku nyingine wakawa wageni wanaotakiwa kurudi kwao, hata yule ambaye hakuwahi kuiona Kasai. Vijana walikuja mchana. Baadhi yao nilikuwa nimewashonea sare za shule.

"Mama, weye bakia," mmoja akaniambia, macho yake yakitazama miguu yangu. "Weye ni wa hapa. Bwana yako na mama yake njo banaenda."

Nilifunga vitu nikaenda pamoja nao.

Kwenye kituo cha gari la moshi tulikuta umati wa watu wanaongoja, familia nzima na magodoro na kuku na mashine za kushonea, wote wakitazama reli. Gari lilikuja mara chache sana, na likija lilijaa kabla halijasimama vizuri. Tulipata mahali kando ya ukuta wa ghala, tukafunga turubai. Hapo tukakaa: mimi, Mbuyi, mama yake aliyeitwa Mama Ndaya, Ngalula, Kazadi, na Bilonda, binti yetu kitinda mimba, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea na bado ananyonya.

Dada yangu mkubwa, yaya Adèle, alikuwa na nyumba mtaa wa Kikula, na uani kwake kulikuwa na kisima. Alikubali kunipokea mimi. Watoto wenye majina ya Kasai, majirani zake walimwambia hapana, na yeye aliwaogopa. Basi nikawa mtu wa njia mbili. Kila asubuhi nilienda Kikula na bidoni, dumu letu la maji, nikachota, nikarudi kituoni jua likiwa limeshapanda. Ilikuwa joto lile la kabla ya mvua, ambapo hata vumbi linachoka.

Yaya Adèle alinikemea kila siku pale kisimani. "Juu ya nini unajiua hivi kwa bantu ya bwana? Kaa hapa. Weye ni mutoto wa hapa, hakuna muntu atakugusa."

"Na batoto yangu, yaya?"

Hapo aliinamia kamba ya ndoo na kuvuta.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mimi mwenyewe sikunywa, nami nilibeba maji kutwa. Jibu ni rahisi kwa mwanamke yeyote aliyewahi kushinda mahali pasipo choo. Pale kituoni palikuwa na mashimo nyuma ya mabehewa, na mwanamke akielekea huko alisindikizwa na macho ya watu wote. Nilijizuia mpaka giza lilipoingia. Na ili nijizuie vizuri, niliacha kunywa. Mfereji mmoja wa sababu ukaingia katika mwingine: bidoni ilikuwa moja, midomo ilikuwa mingi, mtoto alilia, mzee alikohoa, na mimi nilijiambia nitakunywa nikirudi Kikula. Kule Kikula nilipiga funda moja nikakimbia, nisichelewe.

Mwanzoni kiu ilinipigia kelele. Halafu siku moja ikanyamaza. Nikafurahi, nikadhani nimekuwa hodari. Kumbe mwili ulikuwa umechoka kuomba.

Ulianza kunionyesha kwa njia nyingine. Midomo ilipasuka. Kichwa kiliniuma kuanzia saa sita za mchana. Nikiinuka upesi, dunia iliyumba. Mkojo ukawa mchache na mzito, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na ulichoma. Halafu maziwa yakakauka. Bilonda alivuta titi, akaliachia, akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Baada ya siku chache hakuliomba tena. Alikwenda kulala kwa bibi yake. Katika yote niliyopoteza mwaka ule, hilo bado lina mahali pake kifuani mwangu, nikilala ubavu naliona.

Mama Ndaya ndiye aliyegundua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na miaka yote ya ndoa yangu sikuwa na hakika kama ananipenda.

"Mutoto," akasema, "weye unakunywaka saa gani? Nakuona unaleta maji. Siyaoni yakiingia mu kinywa yako."

"Nakunywa kwa yaya, Mama."

Hakuniamini. Jioni ile aliacha maji yake nusu akanisukumia. Nikampa Kazadi.

Maumivu yalinikuta njiani, nikitoka Kikula, bidoni kichwani. Yalianza chini ya mbavu upande wa kushoto, yakashuka hadi kinenani kama kitu chenye kucha. Nimezaa watoto watatu, najua uchungu. Uchungu wa kuzaa unakuja na kuondoka, unakupa nafasi ya kupumua. Huu haukunipa. Nilipiga magoti barabarani, nikatapika nyongo. Wanawake walikimbia, wakaiwahi kwanza bidoni iliyokuwa inamwagika, kisha wakaniwahi mimi. Sikuwalaumu. Mimi pia ningefanya hivyo.

Zahanati ya kwanza walisema malaria, wakanipa kinini, masikio yakavuma kwa siku kadhaa na maumivu yakabaki. Nikaanza kukojoa damu. Hapo pande mbili za familia zikapata la kusema. Watu wa kituoni walinong'ona kwamba ndugu zangu wamenitilia sumu ili nisiende Kasai na mume wangu. Yaya Adèle naye alisema wazi kwamba Mama Ndaya amenifunga kwa uchawi, ili nife pamoja nao. Mimi nilikuwa nimejikunja katikati, nikiwaomba wanyamaze tu.

Mwishowe walinipeleka hospitali wote wawili, dada na mume. Kwa Mbuyi kutembea mjini mchana ilikuwa hatari. Alikuja amevaa kofia ya mtu mwingine, ameivuta hadi kwenye nyusi. Kwenye benchi la ukumbi aliketi kulia kwangu, yaya kushoto, na hawakuzungumza. Tulingoja asubuhi nzima. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akimpepea mumewe kwa kipande cha katoni, na kila alipochoka mkono mtu mwingine kwenye benchi aliipokea ile katoni akaendelea. Ilipofika zamu ya Mbuyi, alipepea kwa muda mrefu kuliko wote. Nadhani alishukuru kupata kazi ya mikono.

Daktari alikuwa mwembamba, sauti imekauka. Alinibonyeza mgongo, nikaruka.

"Kwa siku unakunywaka maji kiasi gani, mama?"

"Ya kunitosha, docteur."

"Eye?" yaya akadakia. "Anabebaka tu. Kunywa, hapana!"

Daktari hakucheka. Akasema kuna majibwe ndani ya figo, mawe madogo, na moja limeziba njia. Akasema amewaona wanawake wengi wa soko na wa kituoni wenye shida ya namna hii tangu maji yalipoanza kukosekana.

Mbuyi alivua ile kofia. "Banasema kazi ya majibwe imekufa mu Likasi," akasema taratibu. "Kumbe bibi yangu amefungua mugodi yake."

Yaya Adèle alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Mbuyi pia akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufukuzwe kuwaona hawa wawili wakicheka pamoja, na nikawa tayari kuumwa kidogo zaidi ili waendelee.

Nililazwa. Walitaka kwanza kuona kama jiwe litatoka lenyewe. Halikutoka. Homa ikapanda, meno yakagongana, na daktari akasema figo ile imeoza, lazima itolewe. Yaya alihangaika mjini kutafuta glavu na uzi, maana hospitali haikuwa na kitu. Jinsi alivyopata, hakuniambia. Naujua mkufu aliokuwa akiuvaa Jumapili, na ninajua sikuuona tena shingoni mwake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalikumbuka kuliko kisu. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, mvua za mwaka zilikuwa zimeanza. Zilianguka juu ya mabati ya wodi kwa nguvu zote, maji yakateremka madirishani, yakajaa mifereji, watoto nje wakipiga kelele za furaha. Na mimi nilikatazwa kunywa hata tone. Kiu yote niliyoinyamazisha miezi ile ikarudi siku ileile. Ulimi ulikuwa kama kipande cha kiatu. Nililia, na machozi hayakutoka. Nilitamani kisima cha yaya, nilitamani bomba la uani kwetu, nilitamani kijito cha utotoni karibu na Mulungwishi ambako tulikuwa tukilala kifudifudi na kunywa kama mbuzi. Niliyaona maji yale yote moja moja, kama watu waliosafiri.

Masera mmoja, mtawa mzee wa wodi, alikuja na pamba aliyoichovya, akanipangusa midomo. "Usimeze," akasema. "Acha ikae." Alirudi tena na tena siku ile, na hajawahi kujua kwamba nilikuwa nikihesabu nyayo zake ukumbini. Katika kitanda cha pili mama mmoja mzee, Mama Kalumba, aliyekuwa na kidonda cha mguu, kila alipotaka kunywa aligeukia ukutani ili nisione kikombe. Hizo ndizo rehema nilizopata. Ndogo, lakini nilizishika.

Siku chache baadaye Mbuyi alikuja asubuhi, na bila kofia.

"Gari imefika," akasema.

Nilikuwa na mrija wa dripu mkononi na mwingine ubavuni. Hata kukaa sikuweza.

"Nitabakia," akasema. "Utapona, tutaenda na ile ingine."

"Ingine itakuya siku gani, Baba Ngalula?"

Hakujua. Hapakuwa na mtu aliyejua. Kituoni watoto walikuwa wamekwisha kuanza kufa kwa kuhara. Mama Ndaya alikuwa hawezi tena kusimama. Nilimtazama mume wangu, mifupa ya mashavu yake, shati nililomshonea limekuwa pana kwake.

"Enda nabo," nikasema. "Minye nitakufuata."

"Véro."

"Enda. Nafasi ikipotea, nitakuja kukuta nini pale?"

Alichukua ile pamba kwenye kisahani, akaichovya majini, akanipangusa midomo, polepole, kama alivyomwona masera akifanya. Wakati ule nilikuwa nimesharuhusiwa kunywa. Sikumwambia.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Ngalula aliwanyanyua wenzake dirishani, mmoja mmoja. Bilonda alikuwa na kipande cha muwa, alikitazama zaidi ya alivyonitazama. Kisha hawakuwepo.

Kutwa nilitega sikio nisikie honi ya gari likiondoka. Mvua ilikuwa kubwa mno juu ya mabati. Sikuisikia.

Nilitoka hospitali nikahamia Kikula kwa yaya. Kovu lilizunguka kiuno kama mshipi uliolegea. Nilijifunza upya kuinama, kubeba, kucheka huku nimebana ubavu. Lakini kazi ngumu ilikuwa jikoni. Mikono yangu ilisonga bukari, ugali wetu, wa kuwatosha watu sita kila mara. Yaya hakunikemea. Alikata sehemu iliyozidi akaipeleka kwa jirani, na kesho yake nikasonga vilevile.

Habari ililetwa kwa mdomo na mfanyakazi wa reli, mvua zilipokuwa zinakwisha. Alisimama mlangoni na kusema alivyotumwa: "Bantu yako bako Mwene-Ditu, kule Kasai. Banakungojea. Mama alibakia mu njia." Mama Ndaya alifia kwenye behewa kabla ya Kamina, wakamzika kando ya reli gari likiwa limesimama. Nilimwuliza yule bwana kama alikufa na kiu. Alinitazama, akasema hajui. Nilijua ameamua kutojua, nikamshukuru.

Kiangazi kikaja, nikataka kusafiri. Daktari akasema bado, njia ile ina jua kali na maji hakuna, na mwenye figo moja hana ya kuchezea. Mvua zikaja, reli ikakatika. Kiangazi kingine kikaja, nikapata homa. Watu waliniambia mwanaume hangoji muda wote huo. Niliwasikia. Nilikuwa nikishona sokoni Kikula, na mtoto yeyote akipita mwenye kimo cha Bilonda, mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani. Halafu nikakumbuka kwamba Bilonda hana tena kimo kile. Nilikuwa namtamani mtoto ambaye hayupo hata kule aliko.

Katika muda huo ndipo nilipojifunza kunywa. Ndiyo, kujifunza, kwa sababu kiu iliyonyamazishwa hairudi kila siku kukukumbusha. Usiingoje. Mimi nilinywa nikiamka, kabla ya kusalimia mtu. Nilinywa nikifika sokoni, nikiweka chupa palipo na mkasi, nisiweze kukata kitambaa bila kuiona. Nilichemsha maji jioni yapoe mpaka asubuhi. Na nilitazama mkojo wangu bila aibu: ukiwa mwangavu, karibu na rangi ya maji, nilimshukuru Mungu, ukiwa wa manjano nzito, niliweka mkasi chini nikanywa. Kama daktari wako amekupimia kiasi chako, mfuate yeye, si mimi. Lakini usifanye nilivyofanya, kuyabeba maji ya wote na kujihesabu wa mwisho.

Wenzangu sokoni walikuwa wakibana mkojo kutwa, kama mimi zamani. Niliwaonyesha kovu. Wengine walicheka, wengine waliguswa. Tukaenda kwa mama mmoja mwenye nyumba nyuma ya soko, tukamwomba choo chake, na sisi tukawa tunakifagia na kumletea majivu na sabuni kwa zamu. Hilo tu. Mama mmoja muuza samaki aliniambia baada ya mwezi kwamba kichwa kimeacha kumuuma, akanipa samaki mkubwa aliyekauka, nikalia juu ya samaki yule kama mjinga.

Nilipata ruhusa ya daktari na behewa la kwenda, vyote viwili, katika kiangazi cha tatu. Yaya Adèle hakutaka niende. Alinuna wiki nzima. Siku ya safari alinibebea bidoni mbili hadi kituoni, palepale penye ukuta wa ghala, ambapo sasa palikuwa patupu na nyasi zimeota.

"Kunywa mbele yangu nione," akasema.

Nikanywa.

"Ingine."

Nikanywa tena. Akanifuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake, jinsi alivyonifuta nilipokuwa mtoto. "Ungekuwa umekaa," akasema. "Lakini hata minye ningeenda." Kisha akageuka akaondoka kabla gari halijasogea, kwa sababu hakuwa mtu wa kuonwa analia.

Safari ilikuwa ndefu, na gari lilisimama porini mara nyingi. Kabla ya Kamina nilitazama kila mti kando ya reli. Niliuliza, hakuna aliyejua kaburi lolote. Nilimimina maji kidogo dirishani, mahali ambapo moyo uliniambia, na yule aliyeketi karibu nami akanitazama kama mwendawazimu.

Mbuyi hakuwa nyumbani nilipofika Mwene-Ditu. Alikuwa kazini, akitengeneza redio za watu. Kazadi alikuwa kisimani. Ngalula ndiye aliyeniona kwanza, binti mrefu mwenye mabega ya bibi yake, alidondosha ungo na kukimbia barabarani akimwita baba yake, akaniacha nimesimama uani na mizigo.

Mlangoni palibaki mtoto mdogo wa kike. Alinitazama vumbi lote nililokuwa nalo. Aliona mgeni, na alikuwa amefunzwa adabu. Aliingia ndani, akatoka na kikombe, akapiga goti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Sikuweza kusema jina lake. Nikanywa mpaka mwisho, yeye akinitazama koo.

"Mamu," akasema, akinyoosha mkono kupokea kikombe.

Kwa lugha ya kule, mamu ni mama aliyekuzaa, na mamu ni mwanamke yeyote unayemheshimu. Sikumuuliza alimaanisha yupi. Nikamwomba kikombe kingine.